Kwa Kocha Gwakisa wa Mlandege, Ambaye Mazoezi Hayakumuua

Mwaka umetimia, Gwakisa, na bado wapo watu wanaosema mazoezi ndiyo yaliyokuua. Waliokuja kukuzika Uyole waliyasema hayo huku wakila wali wa msiba: "Kijana kakimbia milima yote ile, na bado kafa. Faida yake nini?" Ulikufa kwa lori lililokosa breki karibu na Makambako, ukiwa kwenye basi unakwenda kumwona mama yako. Lori halimuulizi mtu ana mapafu ya namna gani. Lakini nani atasikia?

Mkeo Yusta aliwajibu siku ile ile, akaambiwa uchungu unamsumbua, akalale. Mwaka mzima amekuwa akiwajibu na sasa amechoka. Leo tunawajibu sisi, kisha tukueleze wewe yaliyotupata.

Ulikuwa mtu wa kuudhi kidogo. Mtu akija kwenye chumba chako cha mazoezi pale Mlandege, Iringa, na hamu ya kubeba vyuma, wewe unamkalisha kwanza, unamuuliza presha, usingizi, kazi yake ya kutwa ni ya kukaa au ya kusimama. Vijana walitaka vifua vya kuonesha, ukawaanzisha na miguu, wakanuna. Kuna mama aliyetaka kitambi tu kiondoke, mengine yote yabaki. Ukamwambia mwili haupokei oda ya aina hiyo, mafuta hutoka yanakotaka yenyewe. Alicheka mpaka akasahau kukasirika.

Mzee Jayantilal wa duka la vitambaa alikuja kwako amepinda mgongo, ukampa kazi ndogo hata akadhani unamdharau.

"Kocha, hii mazoezi ya mtoto!"

"Leo ya mtoto, mzee wangu. Kesho tunaongeza kidogo. Mwili ukishtuliwa unagoma."

Sasa anafungua mwenyewe milango ya chuma ya duka lake, na kila tukipita anatuuliza nani atamwongezea tena.

Ulipenda kurudia kwamba misuli haikui wakati wa kubeba, inakua wakati wa kupumzika baada ya kubeba. Watu walishika hiyo ya kupumzika, ya kubeba wakaiacha. Hapo ndipo tulipoharibikiwa.

Mama yako, Mama Tumpe, alipopigwa kiharusi ulimleta Iringa, ukamfundisha upya kuinuka na kupiga hatua. Alirudi Uyole na fimbo yake, akawa anakwenda gengeni kuchagua nyanya na kugombana na wauzaji. Kisha ukafa. Shangazi yako Severina akausimamia msiba, na unamjua alivyo. Kwa upendo wake wote alikataza mama asiguse kitu: asiinuke, asichote maji, hata kikombe ashikiwe. Ndivyo tunavyomtunza mfiwa, hatukuona kosa. Lakini matanga yaliisha, turubai likarudishwa, watu wakaenda zao, na mama akabaki amekaa. Kila akigusa fimbo, mtu anamuwahi: "Kaa, mama, pumzika." Wakawa wanambeba kwapani mpaka chooni.

Yusta alipofika Pasaka alikuta miguu imenyauka, mama hawezi hata kujisogeza kwenye kiti. Alipiga kelele ambazo hajawahi kuzipiga ukweni.

"Shangazi, mama alikuwa anatembea!"

"Sasa mfiwa umsimamishesimamishe kama mgambo? Huna huruma wewe? Mwache apumzike, mwanawe hayupo."

"Huku siyo kupumzika, shangazi. Misuli isiyotumika inaisha."

"Misuli, misuli! Mwenye misuli tumemzika."

Yusta alitoka nje akalia, na hasira ilizidi uchungu. Maana hata kama shangazi angekubali, Yusta angeanzia wapi? Hilo tunakulaumu wewe, Gwakisa. Ulifundisha mji mzima, ila nyumbani ulitufukuza: "Niachieni mama yangu, najua ninachofanya." Tukakuachia. Ukaondoka na ujuzi wako wote.

Aliyetuokoa ni mama mwenyewe. Alikuwa amesikia kila neno, akawaita wote wawili. Ulimi wake bado mzito, lakini siku hiyo maneno yalitoka.

"Gwakisa alikuwa ananipumzisha, halafu anasema, 'Haya tena, mama.' Nyie mmenipumzisha. 'Haya tena' yenu iko wapi?"

Yusta akakumbuka alichokuwa akikiona kwa kupita tu, ndoo mkononi: ulikuwa unapandisha kiti kwa mito ili kuinuka kuwe rahisi, kisha unaondoa mto mmoja miguu ikishazoea. Akakusanya mito yote ya sebuleni. Mwanzoni mama alitetemeka na kututukana kwa Kinyakyusa. Tukaona anaweza, tukaondoa miwili kwa pupa, goti likavimba, ikabidi tuirudishe na kuanza upya. Tulikukasirikia sana siku hizo, maana ungetuambia kwa neno moja tu. Na shangazi ndiye aliyekuwa mgumu kuliko goti. Mama akianza kuinuka, mikono ya shangazi inakwenda kwapani yenyewe. Tulimtoa chumbani, akanuna, akawa anachungulia mlangoni.

Sasa kiti hakina mto. Jumamosi tutakuwa na ibada kaburini kwako, Uyole, na mama atakaa mbele. Wakati wa kuweka maua ukifika atainuka mwenyewe na kukufikia kwa miguu yake. Atachukua muda mrefu, na atayumba. Mchungaji amekubali kusubiri. Ndugu na majirani wasome vizuri hapa: tunawaomba, na wasiosikia ombi tunawakataza, mtu asimshike. Akitaka mkono atauomba.

Tunaokukumbuka ni mama yako Tumpe, mkeo Yusta, mwanao Sifaeli, kaka yako Amos, shangazi yako Severina, na wanafunzi wako wote wa Mlandege wanaoendelea kunung'unika na kufanya mazoezi.

Hutatoka mioyoni mwetu, Gwakisa. Jumamosi mikono yetu sote itakuwa nyuma, na ya shangazi ataishika Yusta. Shangazi ameomba mwenyewe.