Gari Jeusi na Kioo Kinachoinama

Nyumbani, chumba cha kushonea
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi zikufikie kutoka kwangu na kwa Mama. Habari za huko, habari za baridi, na habari za lile goti lako? Wifi aliniambia umeanza kuchechemea na daktari hutaki hata kumsikia. Sikushangaa; ulizaliwa na kichwa kigumu na umekitunza vizuri. Watoto hawajambo? Mwambie Mtundu kwamba shangazi yake amepata ile picha aliyomchora na ameibandika ukutani juu ya cherehani. Ni kweli nina shingo ndefu, ila si kiasi kile.

Sisi huku afya tunayo. Mimi mgongo tu unasumbua kwa kuinamia mashine. Mama anakula, analala, na dawa zake za presha anameza bila kusukumwa. Kuna jambo lingine, ndilo lililonifanya nishike kalamu badala ya simu, maana nikikupigia Mama husogea karibu akasikiliza, na wewe nawe huwahi kuniambia nimeota.

Kazi inakwenda. Magauni ya maharusi yamejaa chumba kizima, yananing'inia ndani ya mifuko yake ya nailoni, na ukipita yanasogea. Lakini bibi harusi wa siku hizi haridhiki na gauni. Anataka gauni, shela, maua na gari la kumpeleka, vyote kwa mtu mmoja. Nimeshapoteza wateja kwa jirani yangu mwenye gari, na gauni lake ukilivuta kidogo linafumuka. Ndipo nikasema na mimi nitafute gari la kifahari lililotumika, mradi ling'ae siku ya harusi.

Yule dalali tunayemwita Sukari akanipeleka kuona gari moja la saluni, jeusi, refu, la viti vya ngozi, ambalo mlango wake ukifungwa husikii kitu. Gari limetembea, Kaka, tena limetembea hasa. Sukari alipokuwa akinionyesha redio aliweka kidole gumba juu ya zile namba za kilomita, nami nikamwondolea mkono kwa heshima. Nikamwomba nikae nalo siku chache fundi alitazame, naye akakubali upesi mno. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Nililipeleka kwa fundi wetu, yule mkimya aliyekuwa akikutengenezea baiskeli. Alilala chini yake asubuhi nzima. Akasema giaboksi inasita, rejeta imezibwa kwa gundi, lakini injini ilipata kuwa na mtu aliyeipenda. Kisha akavuta mpira wa mlango atazame kutu, akaniita. Chini ya mpira rangi ilikuwa nyeupe.

Nilijiambia magari meupe yako mengi duniani. Nikaingia kiti cha nyuma kukagua ngozi, nikapitisha kidole chini ya ile sehemu ya kuegemeza mkono, na hapo nikaukuta mshono wangu. Unakumbuka Baba alipokuja nyumbani na kile kipande cha ngozi kilichopasuka kwenye gari alilokuwa akiendesha, akanipa nikishone kabla bosi wake hajakiona? Ndiyo kwanza nilikuwa najifunza. Nilitumia uzi wa rangi ya damu ya mzee na mshono ukaenda upande, nikalia, na Baba akasema hakuna atakayegeuza kutazama. Upo vilevile. Mshono wako mwenyewe haukupotei, hata ukiukuta kwenye nguo ya mtu barabarani.

Basi ndilo lile gari, Kaka. Ndilo lile walilomkuta Baba amekaa ndani yake, mkanda amefunga, injini inanguruma polepole, anamsubiri bosi atoke mkutanoni. Watu walipita wakampungia mkono. Hakuna aliyejua kwamba amekufa mpaka bosi alipoingia nyuma na kusema twende.

Kwenye mlango wa dereva kuna vile vitufe vya kumbukumbu. Kila dereva anahifadhi anavyopenda kukaa, na akibonyeza namba yake kiti kinajipanga chenyewe. Nikabonyeza namba mbili. Kiti kikarudi nyuma, kikapanda, mgongo ukasimama wima kama Baba alivyopenda kukaa, na miguu yangu ikaacha kufika kwenye pedeli. Niliinua macho kwenye kioo cha ndani. Sikuona barabara nyuma yangu. Niliona kiti cha nyuma, pale ambapo abiria angeweka magoti na mikono.

Sina haja ya kukukumbusha. Baba alisema dereva hamtazami mkubwa usoni, kwa hiyo alikiinamisha kioo chake kidogo, akasoma mikono. Mikono ilimwambia kama mkubwa amekasirika, ana haraka au amepata msiba. Na nyumbani alikuwa hivyohivyo, ukimwambia jambo anakutazama mikono. Wewe ulikuwa ukiificha mfukoni ukitaka kumdanganya, na kwa hiyo alikujua kabla hujafungua mdomo.

Fundi hakushangazwa na kiti. Alisema gari huhifadhi mambo yake hata betri ikitolewa, ingawa aliona ajabu kwamba madereva wote waliokuja baadaye hawakuigusa namba ile. Kioo ndicho kilichomshinda. Alikiinua, akaenda kunywa maji, aliporudi kimeinama. Akadhani kimelegea, akakaza skrubu mpaka bisibisi ikateleza. Tulipofika asubuhi kilikuwa kimeinama tena, na gereji ilifungwa kwa kufuli lake.

"Hiki kioo hakina mota," aliniambia. "Kinasukumwa kwa mkono. Dada, mrudishie mwenyewe."

Nikamuuliza mwenyewe yupi. Alichukua sabuni akaenda kunawa, na alinawa muda mrefu.

Ningelirudisha siku ileile. Lakini nilipita nyumbani kwanza kuchukua mkoba, nikaliegesha mbele ya geti. Unajua Mama alivyo tangu Baba aondoke. Mlangoni hatoki, kanga yake ileile, ukimsemesha neno moja anakurudishia nusu. Alichungulia dirishani mara moja, akatoka bila viatu, akafungua mlango wa nyuma mwenyewe na kuingia. Akakaa wima, akaweka mikono juu ya magoti. Alikaa humo hadi chakula kikapoa.

Ni mara ya kwanza maishani mwake kukalia kiti kile. Gari la mkubwa si la familia, ndiyo ilikuwa sheria, na Baba hakuivunja hata siku ile ya mvua kwenye kituo cha basi mbele ya hospitali. Mimi nilikuwa mgongoni mwa Mama na homa, wewe umeshikwa mkono, nalo gari likiwa bado jeupe likapita, ndani Baba peke yake, likamulika taa mara moja, likaenda zake. Wewe ndiye uliyenisimulia. Uliniambia ulilia ukamwita Baba kwa sauti, na kwamba jioni alisema tu kiti kingelowa. Mama hakugombana naye. Aliendelea kumpigia pasi mashati yake, ila nadhani sehemu fulani ya Mama ilibaki pale kituoni.

Jumatano Mama akataka kutembezwa. Nikaona ni heri, pengine ndiyo dawa. Nikapanga kiti kwa urefu wangu, nikainua kioo, yeye akakaa nyuma. Palikuwa na manyunyu. Sikupanga kupita hospitalini, barabara nyingine ilikuwa na foleni. Tulipofika usawa wa kituo injini ikazima. Haikukata ghafla, ilizima taratibu kama mtu anayezima kwa ufunguo, na gari likasogea pembeni kwa mwendo wake lenyewe mpaka tairi likagusa ukingo. Niling'ang'ania usukani lakini siwezi kusema mimi ndiye niliyeukata. Taa zikamulika mara moja. Kufuli ya mlango wa nyuma ikaruka juu.

Nilitazama kioo. Kilikuwa kimeinama, na ndani yake niliona mikono ya Mama tu. Ilikuwa imekunjwa ngumi, halafu ikafunguka kidole kimoja kimoja.

"Leo umesimama," Mama akasema.

Hakuwa akiniambia mimi. Akafungua mlango, mvua ikaingia, akasogea upande wa pili na kuacha nafasi ya mtoto mmoja. Akangoja kidogo, akainama juu ya nafasi ile kuuvuta mlango, akaufunga. Injini ikawaka. Kaka, sikugusa ufunguo. Niliendesha polepole mpaka nyumbani, na ile nafasi aliyoiacha naijua ni yako, wewe uliyeshikwa mkono.

Ningekwambia alirudi mgonjwa ungeelewa hofu yangu upesi. Alirudi mzima. Alikula, akaniomba aongezewe, akanitania kwamba wali wangu unafaa kujengea ukuta. Alifua gauni lake la kijivu, akang'arisha viatu, akaweka mkoba wake juu ya kiti karibu na mlango. Tangu nikiwa msichana sijamwona ana furaha hivyo. Nilipomwambia nikilinunua gari itabidi nitafute dereva wa kupeleka maharusi, alinicheka.

"Dereva yupo," akasema.

Basi nikaogopa. Nakuambia wazi, niliogopa kwamba siku moja nitatoka dukani na nyuzi zangu nikute gari halipo, na Mama hayupo, na ufunguo ungali mkononi mwangu. Baba alikufa anasubiri. Mtu aliyesubiri wakubwa maisha yake yote atachokaje kumsubiri mkewe?

Ijumaa nikapiga moyo konde, nikalirudisha. Sukari hakuuliza kwa nini. Aliupokea ufunguo kwa kitambaa, nikajua kwamba si mimi wa kwanza. Nilimwambia Mama nikitegemea machozi, naye akaendelea kuchambua mchele. Alisema haidhuru, Baba nyumbani anapajua.

Jana bibi harusi alikuja kujaribu gauni. Unakijua kile kioo changu kirefu chenye miguu, cha kupimia, kilichosimama mkabala na meza ya kukatia. Nikamfunga vifungo vya mgongoni, nikamgeuza ajione. Akauliza mbona haoni uso wake. Kioo kilikuwa kimeinama. Kilionyesha gauni kuanzia kiunoni, na mikono yake imeshika maua ya kujaribia. Nilikiinua nikacheka, nikasema miguu ya kioo imechakaa. Alipoondoka nikakifunga kwa uzi wa kushonea ngozi, fundo ambalo hata wewe usingelifungua. Asubuhi ya leo uzi ulikuwa mezani, umekunjwa vizuri, na kioo kimeinama.

Kwa hiyo nimegeuza mawazo, na usinifokee. Kesho nakwenda kwa Sukari kulinunua lile gari, giaboksi yake na yote. Kulikataa hakumzuii Baba. Kunaniondolea ufunguo tu. Afadhali liwe uani kwangu, nilione kila nikiinua macho kutoka kwenye cherehani.

Lakini si mimi wa kuliendesha, kiti kile hakinitaki. Nimekirudisha kiti mara ngapi kwa urefu wangu, nikishuka kinajirudia namba mbili, pale miguu yangu isipofika. Wewe ndiye mwenye urefu wa Baba. Tangu ulipoota ndevu Mama alikuwa akikutazama kwa nyuma anashika kifua. Njoo, Kaka. Omba ruhusa kazini, sema mama yako anakuhitaji, hutakuwa umedanganya. Nataka mtu aliye hai akae kwenye kiti kile. Mpitishe Mama popote anapotaka, na ukifika kituoni simama kabla gari halijasimama lenyewe. Halafu inua kioo, ukishikilie kwa mkono kama hakikubali, umtazame Mama usoni uzungumze naye. Baba alijua mikono yetu yote. Sidhani kama alipata kumwona mkewe akitabasamu nyuma yake.

Usichelewe. Mkoba bado upo kwenye kiti cha mlangoni, na leo ameweka na mwavuli.

Nisalimie Wifi sana, mwambie kitambaa cha mapazia nimekipata. Mtundu nambusu, na yule mdogo asiyetaka kunyolewa pia. Mama mkubwa akikupigia mwambie sisi hatujambo, hayo mengine usimwambie. Mungu akulinde njiani, akupe barabara kavu na goti linalokunjika.

Ni mimi mdogo wako ninayekupenda na kukusumbua,

Sindano

Nimekwisha andika jina ndipo nikainua kichwa. Kioo kimeinama zaidi kuliko asubuhi, na ndani yake naiona meza, barua hii na mikono yangu. Sikwenda kukiinua. Nimeweka kalamu chini, nikaifungua mikono yote miwili juu ya karatasi, Baba aone haina hasira.