Kauchu ya Kardani

Kapata, siku ya posho, Jumamosi, mangaribi

…na mikono bado inanuka grasi, hata kisha kunawa na sabuni.

Kauchu ya kardani, ile mupira inafunika ekseli ya motoka, ilipasuka, grasi ikatoka, muchanga ikaingia. Na kesho ni kumuleta mama kutoka Sandoa. Naogopa motoka itufie mu njia, na kile kifua chake kinamusumbua.

Kauchu mupya ilikuwa ngumu, ikakatala kuingia. Nikaitukana peke yangu chini ya motoka.

Halafu nikaona miguu ya Tata Kalenga, jirani. Mwezi muzima hatusalimiane, sababu motoka yangu inaamushaka batoto bake mapema. Alibeba maji ya moto, yenye bibi yake alichemusha ya kusonga bukari. Tukaloweka kauchu mule, ikalegea, akalala chini pembeni yangu, tukaivalisha pamoja.

Akapangusa mikono. "Kesho unatoka saa ngapi?"

"Mbele ya jua kutoka," nikajibu, na haya.

"Uniamushe mi moja, batoto balale. Tutaisukuma mupaka ku barabara kubwa, utaiwasha kule."

Aksanti nitamwambia kesho, tukisukuma.