"Kifurushi cha Peni Usikifungue," Anko Jeff Aliniambia

Kwako Mama Zabibu,

Shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza shule ya sekondari, matriki, juzi tu, na nakuomba unijibu kabla ya Jumapili, maana sina mtu mwingine wa kumwambia, na mimi ni mtu ambaye hata nikiomba maziwa kwenye kiduka cha mtaani, spaza, huwa naambiwa nirudie kwa sauti.

Tunaishi La Rochelle, hapa Johannesburg, mimi na mama, sisi ni Wakenya, na baba alifariki miaka miwili iliyopita. Kitu ninachokipenda ni sarafu. Nilianza nikiwa shule ya msingi, nachukua akiba yangu, naenda benki, naomba wanibadilishie iwe mfuko wa sarafu ndogondogo, nazimwaga kitandani nikitafuta za zamani, ninayoipenda naibakiza na nyingine zote nazirudisha, na mama alikuwa akinicheka kwamba mimi ndiye mtu pekee Johannesburg anayetoa pesa benki ili azirudishe.

Sasa kuna Anko Jeff. Si mjomba wa damu, ni wa kanisani kwetu, anafanya kazi benki, upande wa kompyuta. Baba alipofariki yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mazishi, yeye ndiye aliyezunguka kuchangisha mpaka mwili ukafika nyumbani Meru, na alisafiri nasi, na mama hajasahau wala mimi sijasahau. Tangu Oktoba amekuwa akiwaambia kina mama wa chama chao cha kuchangiana pesa kwamba benki inaondoa stoo sarafu za kale, peni za enzi za wafalme wa Uingereza, zikiwa bado zimepangwa moja juu ya nyingine na kuviringishiwa karatasi, na kwamba yeye kama mfanyakazi anaweza kununua vifurushi hivyo kimyakimya, na kwamba wakusanyaji wa ng'ambo wanavichukua kwa bei mara tatu. Sharti ni moja tu, kisifunguliwe. Kikifunguliwa, anasema, kimekuwa chuma chakavu.

Siku chama kilipokutana kwetu nilikuwa napitisha chai. Anko Jeff akasema, "Ngojeni, si profesa wetu wa senti yuko hapa?"

Mama Lois, ambaye ni mweka hazina, akacheka. "Huyu? Huyu hata salamu anatukopa."

Wote wakacheka. Nikapewa kifurushi, nikaangalia sarafu inayoonekana upande mmoja, nikakigeuza nikaangalia ya upande wa pili, zote mbili peni za kweli, nzuri, kichwa cha mfalme hakijafutika. Nikasema, "Hii ni ya kweli." Nilimaanisha ile sarafu niliyoiona. Anko Jeff akapiga makofi, "Mmesikia wenyewe!" na Mama Lois akasema, "Ukiona huyu amefungua mdomo, jua jambo ni zito." Mimi nikarudi jikoni na trei.

Wakati wa kuondoka Anko Jeff alinipa kimoja, zawadi ya kumaliza shule, akaninong'oneza, "Kifurushi cha peni usikifungue, eh? Huo ni urithi." Sikuwa nimeomba zawadi. Tangu hapo nimekuwa nikikitazama. Karatasi yake ni ya kahawia, inaonekana ya miaka mingi, lakini tulipokuwa gredi ya nane mwalimu wa historia alitwambia tutengeneze ramani ya kale, tukachovya karatasi kwenye chai na kuianika, na rangi iliyotoka ilikuwa hii hii, na madoa yalikuwa meusi pembeni vile vile. Nikainusa. Sisemi ilinukia chai, sitaki kumsingizia mtu, lakini haikunukia uzee. Halafu nikachukua sumaku ya kwenye friji. Peni za zamani ni za shaba, sumaku haizishiki. Nikaiweka upande mmoja ikaanguka, upande wa pili ikaanguka, nikaiweka katikati, juu ya karatasi, ikang'ang'ania, nikakitikisa kifurushi na sumaku ikabaki pale pale. Kwa hiyo katikati kuna chuma. Labda ni sarafu nyingine, labda ni washa za fundi wa magari, vile vibati vya duara vyenye tundu, sijui, sijafungua.

Nilimtumia Anko Jeff ujumbe kwa heshima, nikamuuliza benki inapata wapi peni wakati nchi hii iliacha kuzitumia kabla mama hajazaliwa. Akanijibu kwa kapicha ka kidole gumba, basi. Jioni akampigia mama, si mimi, na mama akaja na simu mkononi, "Unamsumbua Jeff kwa nini?" Nikajaribu kuanza kusema. Alikuwa amesharudi kwenye nguo alizokuwa anapiga pasi, akaisimamisha pasi wima. "Niambie, ni nani alimpeleka baba yako nyumbani?" Kuhusu sumaku sikusema.

Mama Zabibu, Jumapili hii ni zamu ya mama kupokea mchango wa chama. Pesa hiyo ilikuwa ya kunisajili chuo, nimepata nafasi ya kusomea famasia, na mama anataka kumpa Anko Jeff yote kwanza, izae, ndipo nisajiliwe. Nikikaa kimya nafasi itakwenda, na neno lililowashawishi lilitoka kinywani mwangu. Nikisema, je, kama nimekosea? Huenda yeye mwenyewe alidanganywa. Huenda changu peke yake ndicho kibovu, au huenda alinipa ili nisiulize. Sasa namshuku hata alivyolia siku ya mazishi, na hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote, maana nikishaanza kushuku sijui pa kuishia. Nifanye nini?

Mwenye haya, La Rochelle

*

Mwanangu wa La Rochelle,

Marahaba. Pole kwa kumpoteza baba. Kaa vizuri sasa, nitakusifu kidogo na kukugombeza zaidi.

Akili unayo. Ulipima kabla ya kusema, na hukumsingizia mtu. Lakini mbona unaniuliza mimi mambo ambayo umeshayaona? Anayetengeneza kompyuta za benki alipewa lini funguo za stoo? Na kama hao wanunuzi wa ng'ambo wapo, kwa nini asiwauzie mwenyewe, mpaka faida amwachie mjane? Wewe kaunta ya benki unaijua tangu utoto. Ukipeleka noti ya hamsini unapewa sarafu za hamsini, hakuna wa kukunong'oneza.

Ninachokugombeza ni hiki. Ulisema "hii ni ya kweli", ukaona watu wazima wameelewa vingine, ukaondoka na trei. Kuwa na haya si dhambi, ila kwa sasa haya zako zinamfanyia Jeff kazi bila mshahara.

Kabla sijapewa safu hii ya ushauri niliuza nyanya Soweto kwa miaka mingi. Hakuna mama, awe Mkenya, Mkongo au Mzulu, aliyenunua boksi langu bila kutia mkono mpaka chini. Wengine walikuwa majirani zangu, waliniombea nilipougua, na mkono waliutia vile vile. Sikununa hata siku moja, kwa sababu nyanya zangu za chini zilikuwa nzima. Leo kina mama wa aina hiyo hiyo wanakatazwa kutia mkono, na wao wanasema asante!

Machozi ya mazishini yaache yalivyo. Mtu anaweza kumzika rafiki yake kwa moyo safi, na miaka miwili baadaye akamdanganya mjane wa rafiki huyo huyo. Wema ule mliupokea, mkaushukuru, na haukumpa ruhusa ya kula ada yako. Shuku kifurushi, hicho unacho mkononi. Moyo wa Jeff huwezi kuupima kwa sumaku, usijichoshe nao. Na kama kweli naye alidanganywa, atashukuru kujua mapema.

Sasa fanya hivi. Kifurushi ulichopewa ni chako, kifungue leo, ila mbele ya mama yako. Usikifungulie chumbani peke yako, maana watasema umebadilisha vilivyomo. Kisha mtumie Mama Lois ujumbe, yeye ndiye mweka hazina na ana haki ya kujua. Kupiga simu hutaweza, najua, kwa hiyo nakili maneno haya kama yalivyo: "Mama Lois, niliyosema ni ya kweli ni sarafu ya nje tu, za ndani sikuziona. Naomba Jumapili mchague wenyewe vifurushi viwili, vifunguliwe mbele ya wote, kabla mama hajatoa chochote." Jeff akilalamika kwamba vitapungua thamani, chama kimwambie hasara ya viwili kitailipa. Akikataa hata hapo, abebe boksi lake aende.

Na hata vikifunguliwa vikatoka peni tupu, pesa ya usajili ipelekwe chuo Jumatatu asubuhi. Biashara ya kweli itamsubiri mama yako, chuo hakitakusubiri wewe. Ikiwa umekosea, utamwomba Jeff radhi mbele ya watu wale wale, naye atauza mali yake mchana kweupe. Kuomba radhi hakujamuua msichana yeyote.

Kabla ya kukifungua kifurushi, mama yako usimwite sebuleni ukamkalisha kama mshtakiwa. Msubiri awe anakata mboga, amekupa mgongo, umwambie, "Mama, naomba unisikilize mpaka mwisho." Si lazima umtazame usoni. Atamtaja baba yako tena. Mwache amtaje, kisha endelea pale ulipoachia. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke, mradi usinyamaze kabla hujamaliza.