Kitanda Kimoja kwa Papa Jérémie

Jumatano, 3 Oktoba 2012
Muheto. Leo tumevua nyumba. Majirani walivua zao mapema, vita ilipotajwa tu, sisi tu tulibaki na paa kama wajinga. Elodie wa jirani alipanda juu akang'oa misumari, mimi nikapokea manjanja, mabati ya paa, chini. Moja limenikata kiganja. Kisha mbao za ukuta, moja moja. Nyumba ya mbao ina wema huo — inakubali kukimbia pamoja nawe.

Pale kitanda kilipokuwa nimekuta mavi ya panya, nywele zangu za miaka, kitana kilichooza. Tulikuwa tunalala juu ya hayo! Nimefagia, ingawa hakuna tena nyumba ya kufagia.

Mama Constance, mama mkwe wangu, hakujali kitu ila mbao zake. Ni za libuyu, nyekundu, nzito. Mume wake alizikwa ndani ya mkeka, na siku ile aliapa kwamba yeye hatazikwa hivyo. Akanunua mbao za sanduku lake la kuzikiwa mapema kabisa, akaziweka darini. Miaka yote zimelala juu ya vichwa vyetu na mimi ndiye nimekuwa nikizipangusa vumbi. Amesema zishuke kwanza, zipande chukudu kwanza, kile kigari cha mbao cha kusukuma. Miguu yake yenyewe haimbebi hadi mlangoni, lakini mdomo wake mzima.

Ijumaa, 5 Oktoba
Mweso. Mji umejaa watu na vitu vya watu. Kila mtu anatafuta pa kuweka vyake, maana kambini vinaibwa mchana kweupe.

Depo ya Papa Jérémie, ghala la kukodisha. Mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki asiyekosa misa, rozari yake imetundikwa kwenye msumari uleule wa funguo. Zamani ilikuwa depo ya maharage. Ukuta wa mawe, mlango mmoja wa chuma, kadena, kufuli kubwa kama mkate. Ndani amegawa kwa mbao, vyumba vyumba. Na anapima kwa vitanda! Kuna chumba cha kitanda kimoja, cha vitanda viwili, cha vitanda vitatu. Ananyoosha mikono, anasema hapa kitanda kingekaa hivi. Asubuhi anafungua watu waangalie vitu vyao, kisha kadena hadi kesho yake.

Nikampigia Honoré, mume wangu, huko machimboni Walikale. Rezo ya simu inakatika katika. Akasema nichukue vitanda vitatu, fotei zake zisikwaruzwe. Fotei! Mbili, viti vinene vya kitambaa cha maua, alizinunua kwa faida yake ya kwanza na hajazikalia mara kumi. Nikamuuliza nitalipia na nini. Rezo ikakatika, kwa bahati yake.

Elodie alinishauri vitanda viwili, nisije kujuta. Nimechagua kimoja. Papa Jérémie alitikisa kichwa, akasema kila mtu anachukua kidogo kisha anarudi kulia. Lakini nilishaona kitu: yeye anapima chini tu, juu hapimi. Nikasimamisha manjanja kwa ubavu, mbao za nyumba ukutani, cherehani yangu chini ya meza, fotei zimebebana juu ya meza, sufuria ndani ya fotei. Nikaacha nafasi ya mkono kupita nyuma. Vyote vimeingia. Nilijivuna kidogo, nakiri.

Mbao za libuyu tu hazikuingia. Si kwa kukosa nafasi. Mama Constance alikataa kulala mbali nazo.

Jumapili, 7 Oktoba
Kambi. Tumepewa fito, majani ya migomba na kipande cha bashi, turubai la msaada. Nilipomaliza kibanda nilinyoosha mikono kama Papa Jérémie. Hakifiki kitanda kimoja! Manjanja yangu yamepanga chumba kikubwa kuliko sisi, tena kikavu, tena chenye kadena.

Choo sitaki kuandika. Naandika hata hivyo: kimejaa, kinatembea, watoto wanakanyaga mavi na kuingia nayo ndani. Nimekula kwa kuziba pua. Mama Constance amelala juu ya mbao zake zilizopangwa matopeni na anasema afadhali alikuwa na akili ya kuzileta.

Alhamisi, 11 Oktoba
Mvua tangu Jumatatu. Maji yanapita katikati ya kibanda. Mama Constance anakohoa, kikohozi cha chini, kinachotoka mgongoni. Kwenye zahanati wamempa vidonge na kuniambia alale mahali pakavu. Pakavu! Nilitaka kuuliza wanapafahamu wapi, wanionyeshe.

Honoré amepiga simu. Kabla ya salamu kwisha ameuliza kama fotei zimefunikwa. Nikamwambia mama yako amelala kwenye maji. Akasema nimfunike vizuri yeye pia. Yeye pia!

Nimetema mate. Karibu yangu mtoto wa watu aliangalia yalipoangukia.

Jumamosi, 13 Oktoba
Nimekwenda kumwomba Papa Jérémie. Nilimwambia natoa vitu vyote, namlipa kiasi kilekile, nimlaze mama mkwe wangu pale hadi mvua ipungue. Anapima kwa vitanda, basi pawe kitanda kweli.

Alinisikiliza vizuri, akanipa hata kiti. Kisha akasema:

"Dada, depo ni ya bintu, haiko ya bantu. Kintu hakikohoe, hakikojoe, hakikufe. Leo wako moya, kesho nitakuwa na kambi mu nyumba."

Alisema hivyo akichambua maharage, mabovu huku, mazima huku. Nikaangalia vidole vyake, vinene, safi, na pete yenye picha ya Bikira. Nikatoka nisije nikamtapikia maharage yake.

Lakini njiani niliendelea kupiga hesabu ya nafasi. Fotei zikitoka, meza ikisimama kwa ubavu, katikati panabaki urefu wa mtu. Mtu mfupi. Mama Constance ni mfupi.

Jumanne, 16 Oktoba
Tumefanya.

Asubuhi, wakati wa kufungua. Papa Jérémie alikuwa kwenye duka lake, jirani na depo, anagombana na dereva wake. Nimetoa fotei barabarani, moja moja, kwa mgongo wangu mwenyewe. Nikasimamisha meza. Kisha mimi na Elodie tukaleta mbao za libuyu zimefunikwa bashi, Elodie mbele, mimi nyuma. Na Mama Constance juu ya mbao, chini ya bashi, ameshikilia kikohozi kwa meno.

Mlangoni alisimama Mama Kahambu, mke wa Papa Jérémie. Akaweka mkono juu ya bashi kutupisha. Mkono ukakaa pale. Akasema kwa sauti ndogo:

"Mbao yenu iko na moto."

Akaondoa mkono, akageukia upande wa duka na kumwita mume wake amwonyeshe sijui nini huko. Tukapita.

Nimemlaza. Maji, uji, kopo la haja. Nikamwambia mtu akigonga, anyamaze. Mtu akiita jina lake, anyamaze. Akanicheka! Akasema mimi ni mtoto, sijui vita. Katika vita vya zamani walimkamata dada yake, wakamsimamisha mbele ya msitu, wakamwamuru aite watu wake. Aliita kwa kulia. Waliojibu hawakurudi.

"Na weye vilevile," akaniambia. "Ukiniita na sauti ya woga, siitike. Nitajua wamekushika. Uniite pole pole, sawa muntu anaita kuku yake."

Nikaahidi. Kadena ikafungwa. Nimerudi kambini mikono mitupu, ninanuka kopo.

Ijumaa, 19 Oktoba
Inakwenda! Kila asubuhi naingia na ndoo kama mtu anayekagua vitu vyake, natoka na ndoo nyingine. Namwita polepole, anaitika. Yuko pakavu. Kikohozi kimepungua. Analalamika kwamba cherehani inamwangalia.

Leo Mama Kahambu amenipa maandazi mawili yaliyofungwa kwenye karatasi. Hakusema ni ya nani.

Fotei za Honoré ziko palepale barabarani. Hakuna aliyeziiba, maana kambi nzima haina pa kuziweka. Kitambaa cha maua kimekuwa matope. Moja ina mbuzi. Nyingine ameikalia mwanajeshi, ameweka miguu juu ya sufuria yangu, anakula mua na kutema makapi kwenye sehemu ya kuwekea mkono. Aliniona naangalia, akaniambia nikaribie nikae. Nyoo!

Honoré amepiga tena. Nikamwambia fotei zina wageni.

Jumapili, 21 Oktoba
Risasi upande wa Kitshanga. Mbali bado, lakini misa imekatwa katikati. Watu wanafunga mizigo. Wengine waliofika jana wanaondoka leo, hata bashi hawakulikunja.

Asubuhi Papa Jérémie alifungua kidogo tu, akatusimamia kama mlinzi wa gereza. Nimepata nafasi ya kubadilisha kopo na kuacha viazi. Mama Constance aliniuliza ni bunduki gani. Nikasema ngurumo. Akasema ngurumo haihesabu moja, mbili, tatu.

Nilitaka kumtoa leo. Elodie amekwisha kuondoka na watoto wake, na peke yangu siwezi kumbeba. Nimezunguka kuomba wanaume wawili. Mmoja aliniuliza nitampa nini. Mwingine alikuwa anabeba televisheni, hakusimama. Mtu anabeba televisheni mahali pasipo na umeme! Nimepata wawili mwishowe, watu wa kanisa, wameahidi kesho asubuhi mlango ukifunguliwa.

Jioni lori la kwanza la Papa Jérémie limeondoka kwenda Butembo. Mama Kahambu alikuwa mbele karibu na dereva. Aliniona, akafungua mdomo, lori likageuka.

Jumatatu, 22 Oktoba
Hakufungua.

Jua lilikuwa limepanda na mlango bado una kadena, na mbele ya duka lori la pili linapakia maharage. Watu wamejaa mlangoni. Papa Jérémie amesimama juu ya ngazi ya lori, askari wawili anaowalisha wako chini na fimbo. Anasema depo haifunguliwi, akifungua ni uporaji, vitu vitakaa salama nyuma ya mawe, atarudi hali ikitulia. Funguo ziko mfukoni mwake. Rozari iko shingoni.

Nimepenya hadi kwenye ngazi. Nikamwambia ndani kuna mtu. Mama mkwe wangu. Yuko chumba changu, cha kitanda kimoja.

Akaniangalia kwa uchovu. Akasema huyu hapa tangu asubuhi anasema dawa ya mtoto wake iko ndani, yule anasema mke wake amelala ndani, mwingine anasema kuna baba yake. Wote uongo, na nilikuwa nimewasikia. Watu wachafu! Wametumia maneno yangu kabla sijafika nayo. Nikamwambia amuulize mke wake. Akasema mke wake yuko njiani, simu haiingii.

Kwa haki yake, alishuka. Alikwenda hadi mlangoni, akapiga chuma kwa ngumi, akaita. Kimya. Nikaita mimi. Niliita kwa nguvu zangu zote, nikalia, nikamwambia Mama, itika, wanaondoka! Kimya tu. Injini ya lori inanguruma, watu wanapiga kelele, mimi napiga chuma kwa viganja viwili na kidonda kimefunguka.

Papa Jérémie akanigeukia.

"Unaona? Mbao haiitikake."

Akarudi kwenye lori.

Ndipo nilipokumbuka. Kama muntu anaita kuku yake. Mjinga mimi! Nimemwita kwa sauti ileile aliyoniambia hataiitikia. Yumo ndani amelala juu ya libuyu lake, anasikia kila neno, anajua nimeshikwa, na amefunga mdomo kwa sababu ana akili ya vita.

Nikajaribu polepole, midomo kwenye chuma. Injini ikameza. Nilikwenda kumwomba dereva azime. Akacheka, akasema likizimika halitawaka tena bila kusukumwa.

Basi nimekaa chini mbele ya tairi, daftari hili mapajani. Matope, mafuta, makapi ya mua. Askari mmoja alinivuta mguu, kiatu kikabaki mkononi mwake, nikarudi palepale. Wanaume wangu wawili wa kanisa wamefika, wamesimama pembeni na kamba zao za kubebea, hawajui waangalie wapi. Honi. Wameniita kichaa. Sasa hata waongo wa asubuhi wamenyamaza.

Papa Jérémie ameshuka tena. Ameinama, uso wake karibu na wangu, harufu ya kahawa na jino bovu. Amesema injini itazimwa. Nitaita mara moja. Mama akiitika, yeye anafungua kwa mkono wake. Asipoitika, nitoke kwenye tairi.

"Mara moya, dada. Haiko mbili."

Dereva amezima. Kimya chote hiki, sikuwa nakijua. Risasi sasa zinasikika vizuri, ziko karibu kuliko tulivyodhani. Wote wananiangalia. Papa Jérémie ameshika funguo, anauliza nasubiri nini, naandika nini.

Nilifungua mdomo nikajisikia. Sauti inatetemeka. Naandika ili mkono utulie, mkono ukitulia na sauti itatulia. Kuku. Kuku wangu mwekundu wa Muheto, saa ya kumwaga mahindi, naita bila haraka, njoo, njoo. Bado inatetemeka. Ngoja mstari mmoja tena