Kilo Nilizozipunguza kwa Ajili Yako

Nyumbani, chumba cha cherehani
Jumapili asubuhi

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi zikufikie. U hali gani huko? Ile mashine ya kusafisha damu bado inakuchosha? Usingizi unapata? Na miguu, bado inavimba? Nijibu ukweli, sitaki yale majibu yako ya "nipo tu". Sisi huku wazima, ila shemeji yako kashikwa na mafua na analalamika utadhani anajifungua.

Sasa habari zangu. Unakumbuka vipimo viliposema figo langu linakufaa, halafu daktari akanitazama toka juu mpaka chini, akasema kwa uzito huu hanipeleki chumba cha upasuaji? Nililia njia nzima. Wallahi sikujua nimenenepa kiasi kile. Mtu mwingine nguo ingemwambia, lakini mimi fundi bwana! Gauni likinibana nafumua pembeni, naachia mshono, maisha yanaendelea. Hivyo hivyo miaka yote.

Basi akaniandikia dawa ya kupunguza uzito, ile ya kujichoma tumboni kila wiki. Mara ya kwanza shemeji yako alinishika mkono, kumbe anayetetemeka ni yeye. Kichefuchefu cha siku za mwanzo kilinitoa jasho. Hata harufu ya kitunguu sikuitaka.

Halafu kiherehere changu unakijua. Njaa ilipokata nikaona ndiyo nafasi yenyewe, nikaacha kula kabisa ili nipungue haraka. Nikaanguka mbele ya mteja, suruali yake bado iko kwenye cherehani. Muuguzi alinisema nikakoma: "Mama, dawa inapunguza njaa, haijakukataza kula. Ukidhoofika, hilo figo tutalitoa kwa nani?"

Tangu hapo nimetulia. Nakula kidogo kidogo: mayai, samaki, maharage, mboga kwa wingi. Asubuhi natembea na shemeji yako mpaka kule juu kwenye tangi la maji, na anayehema ni yeye. Mama anadhani naumwa, kila akija ananijazia sahani. Nampenda, ila nusu namrudishia.

Si kazi rahisi, nisikudanganye. Kuna siku mzani hausogei hata kidogo, nanuna mchana kutwa mpaka wateja wananiogopa. Nikikukumbuka umekaa kwenye kile kiti, damu yako inazunguka kwenye mipira, nainuka navaa raba zangu.

Ijumaa daktari kanipima tena. Kasema sasa tunaweza.

Najua utaleta yale maneno yako ya kwenye simu, eti dada usijitese, eti una watoto wako. Hebu nyamaza! Utoto wako wote nilikubeba mgongoni, hata ulipokuwa na miguu yako mizima ya kutembea, na hata siku moja hukuuliza kama nimechoka. Usianze adabu leo. Nakupenda, na nataka nizeeke nikiwa na mtu wa kugombana naye.

Nisalimie wifi yangu, mwambie anitandikie kitanda. Watoto waambie shangazi yao anakuja, na wasishangae wakimwona kapungua. Mama anakuombea usiku na mchana. Mungu akulinde mpaka nifike.

Wako akupendaye,
dada yako, mwenye mafigo mawili kwa sasa tu.