Neno la Kupinga Kwenye Kikao cha Ukoo

Weston, Toronto
Jumapili mchana, Novemba

Kaka Elia mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba kile kifua chako kimetulia. Mimi ni mzima, ingawa baridi imeshaanza kuuma na magoti yangu yanalalamika kama ya bibi kizee. Mama anaendeleaje na macho? Kwenye simu husema "sijambo" tu, na mimi namjua.

Kazi bado ni ileile, kumtunza yule mzee wa North York. Namwogesha, nampikia uji, kisha namsomea kwa kuwa macho yake yamekwisha. Sikukuambia alikuwa nani. Bunge la huku lina mabaraza mawili, na lile la juu huitwa Seneti. Wajumbe wake huteuliwa, hawapigiwi kura. Mzee wangu aliwahi kuwa kiongozi wa upinzani humo. Rafu yake imejaa vitabu vya kumbukumbu za vikao, na anachotaka nimsomee ni hotuba zake mwenyewe! Mwanzoni nilicheka moyoni, nikasema wanaume ni walewale.

Wiki iliyopita nilimsomea hotuba ndefu ya kupinga muswada mmoja. Mwishoni kura zikahesabiwa, upande wake ukaanguka vibaya. Nikamuuliza, "Mzee, ulijua mtashindwa?"

"Tangu asubuhi nilijua. Wenzetu walikuwa wengi."

"Sasa ulisimama saa nzima ya nini?"

Akashika mkono wangu. "Ili asitokee mtu baadaye akasema wote tulikubali."

Kaka, nilishindwa kuendelea kusoma. Nilikwenda jikoni nikalia.

Nilikumbuka kikao cha ukoo cha mwaka jana, mlipoamua kung'oa kahawa ya Baba. Mlinipigia simu kikao kikiendelea, Baba Mdogo akauliza kama nina neno. Nilikuwa nalo. Lakini mimi ndiye kitindamimba, na kwetu mdogo hampingi mkubwa mbele za watu, nikasema, "Mkishaona nyie, mimi sina neno." Ukaandika kwenye daftari kwamba watoto wote wameafiki, na Mama akasomewa hivyo. Nilipompigia hakunilaumu. Aliuliza tu kama kweli na mimi nilikubali. Swali hilo linaniumiza mpaka leo.

Sasa umeniandikia kwamba Desemba mnakaa tena, ili kihamba kiuzwe, shamba na nyumba, Mama ahamie kwako Dar es Salaam. Najua hufanyi kwa ubaya. Wewe ndiye unayepanda basi kila akiugua. Mimi niko mbali, kazi yangu kusema. Hata hivyo napinga. Baba amezikwa pale, na Mama hufagia kaburi lile kila asubuhi kabla hajanywa chai. Hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza anataka nini. Ukimtoa pale atakaa kwenye sofa lako kama mgeni mpaka afe.

Siku hiyo usinipigie simu, maana nikisikia sauti yako nitanywea. Soma barua hii kwa sauti mbele ya wote, Mama akiwemo, ndipo mpige kura. Wewe, Godi na Dada Rose mko watatu, mimi niko peke yangu. Mkinishinda nitaheshimu, wala sitakununia. Ila andika jina langu kwenye daftari, na kwamba nilikataa.

Nisalimie sana wifi, mke wako, anayekuvumilia. Na Godi na Dada Rose, ndugu zangu ninaowaudhi leo. Msalimie na Baba Mdogo, mwenyekiti wetu, umwambie simvunjii heshima. Mama mkalishe karibu na wewe unaposoma, asikie kila neno.

Mdogo wako anayekupenda, na anayekupinga,

Aika