Goti la Kabula

Mpanda mjini

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta una nguvu, mguu wa bibi umepona, na mvua za huko Ugalla zimeanza kushika. Mimi ni mzima. Hapa kwa shangazi tunashona sare za shule kutwa, na sasa naweza kuweka zipu bila kuifumua.

Nimesikia jirani yetu, Mzee Masanja, amemwambia baba kwamba dada Kabula alicheza uchi jukwaani, na baba amesema asikanyage nyumbani. Mama, mimi nilikuwepo. Unajua kujieleza kwa mdomo siwezi, ndiyo maana naandika.

Ni kweli dada alikuja hapa Mpanda na madansa wa mwimbaji wa Dar. Ni kweli kaptula ilikuwa fupi, na walivyocheza, mimi nilitazama viatu vyangu tu. Lakini watu hawakushtuka. Msichana aliyesimama karibu yangu alikuwa anakula chipsi, akasema, "Hawa mbona wapole? Wa kwenye simu wanazidi." Vijana walirekodi huku wanapiga miayo.

Mzee Masanja alikuwa ameleta asali mjini, akafuata mlio wa ngoma mpaka mbele kabisa. Dada akamwona. Mama, aliacha kucheza katikati ya wimbo, akapiga magoti yote mawili pale kwenye mbao, na kaptula yake ile, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwadila, baba." Wenzake waliendelea kurusha mikono, mmoja nusura amkanyage. Kijana akapaza sauti, "Sista, umedondosha hereni?" Wakacheka. Kisha mzee akavua kofia, akaitikia, na kicheko kikakatika. Simu zikashuka. Yule wa chipsi akaacha kutafuna.

"Kumbe ana kwao," akasema.

Hapo nilipakumbuka nyumbani. Mapacha wa mama mdogo walipozaliwa, wewe na bibi mliimba zile nyimbo za matusi za mila ya mapacha, sisi watoto tukafukuzwa tukapukuchue mahindi nyuma ya ghala. Maneno hatukuyasikia, ila kicheko cha baba tulikisikia. Hakuna aliyesema mmepotoka. Jioni mkatupa michembe ya viazi na karanga. Mpaka leo nikila michembe nakisikia kicheko kile.

Krismasi nakuja, na dada anataka tuje wote. Nimemshonea gauni refu. Alilipokea, akasema, "Minza mdogo wangu, gauni peke yake halitamridhisha baba."

Siombi baba aipende kazi yake, hata mimi siipendi. Naomba amuulize Mzee Masanja swali moja tu: Kabula alikusalimiaje?

Nisalimie bibi, kaka mkubwa na wifi, na mama mdogo na mapacha wake, ambao najua sasa wanakimbiza kuku. Kabula hajatuma salamu. Anasema zake atazileta mwenyewe, akiruhusiwa kupiga goti mlangoni.

Mwanao,
Minza